Askari wa mwili na malaria: mfano unaotudanganya mara tatu

Fungua kitabu cha baiolojia cha sekondari, soma bango la kliniki, sikiliza kipindi cha afya redioni. Popote utakutana nao: askari wa mwili. Chembechembe nyeupe za damu ni askari, vimelea ni adui, mwili ni nchi, ugonjwa ni vita. Askari wakiwa wengi na wenye nguvu, nchi iko salama. Wakipungua, adui anaingia. Picha hii tumeizoea mpaka hatuioni tena kama mfano. Tunaichukulia kuwa ndiyo maelezo yenyewe.

Makala ya leo ni ya ukosoaji, na tunayemkosoa ni huyo askari. Hatumkosoi kwa sababu ni rahisi mno, maana kurahisisha mambo ndiyo kazi yetu hapa. Tunamkosoa kwa sababu akifika kwenye malaria anatoa majibu yasiyo sahihi kwa maswali matatu ambayo wewe msomaji umewahi kuyauliza au utayauliza siku moja ukiwa na mgonjwa nyumbani. Homa inatoka wapi? Kwa nini mtoto mmoja anazidiwa wakati mwenzake mwenye wadudu wengi vilevile anacheza nje? Na yule mtu mzima anayesema "mimi malaria nimeizoea", amezoea nini hasa?

Haya si maswali ya kujifurahisha darasani. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2023 kulikuwa na wagonjwa wa malaria wapatao milioni 263 na vifo 597,000 duniani. Takriban asilimia 95 ya vifo hivyo vilitokea katika kanda ya Afrika, na zaidi ya robo tatu ya waliokufa katika kanda hiyo walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Tukiuelewa vibaya ugonjwa wa ukubwa huu, kuna watu watalipa.

Kwanza tumpe askari haki yake

Mfano wa askari umefanya kazi kubwa. Katika elimu ya UKIMWI ulimsaidia mtu wa kawaida kuelewa kwa nini virusi vinavyoshambulia seli za CD4 vinaacha mlango wazi kwa kifua kikuu na fangasi, na kwa nini dawa za kufubaza virusi zinyweke kila siku hata kama mtu anajisikia mzima. Pale idadi ya "askari" ina maana halisi. Inapimwa, inaandikwa kwenye kadi, na ikishuka sana ni hatari.

Hata kwenye malaria mfano huu haukosei kila kitu. Kuna seli mwilini zinazokamata na kuua vimelea, na bila hizo tusingefika mbali. Tatizo ni kwamba mfano mmoja uliofaa kwa ugonjwa mmoja umegeuzwa ufunguo wa kila mlango.

Ili tuuone ukosefu wake, inabidi tujue kwanza ni nani anayefika wa kwanza mdudu wa malaria anapoingia kwenye damu.

Wanaotangulia kufika

Kinga ya mwili ina matawi mawili. Tawi la kwanza ni kinga ya kuzaliwa nayo. Hii iko tayari tangu siku unazaliwa, haihitaji kuwahi kukutana na kimelea fulani, na inaanza kazi ndani ya dakika au saa chache. Inaundwa na makrofaji, ambazo ni seli kubwa zinazomeza uchafu na vijidudu, neutrofili, seli ziitwazo wauaji asilia, na protini kadhaa zinazoelea kwenye damu. Tawi la pili ni kinga ya kujifunza. Hii inachukua siku mpaka wiki kujiandaa, inatengeneza kingamwili zinazolenga kimelea mahususi, na inaweka kumbukumbu.

Angalizo dogo la lugha. Mitaani ukisema "kinga ya asili" wengi wanaelewa kinga anayoipata mtu kwa kuugua mara nyingi badala ya kuchanjwa. Hapa hatuzungumzii hiyo. Tunazungumzia tawi lile la kwanza, ambalo hata mtoto mchanga analo.

Sasa fuatilia safari ya mdudu. Mbu jike wa Anopheles anapokuuma anaacha vimelea wachache kwenye ngozi. Wanaingia kwenye mishipa ya damu na kwenda moja kwa moja kwenye ini. Kwa Plasmodium falciparum, aina inayoua zaidi Afrika, wanakaa humo kama wiki moja hivi. Katika siku hizo wewe hujisikii chochote, na wakati huohuo kimelea kimoja kilichoingia kwenye seli ya ini kinazaa maelfu. Kisha seli inapasuka, watoto wanamwagika kwenye damu, na kila mmoja anatafuta chembe nyekundu ya kuingia. Ndani ya chembe nyekundu wanakula himoglobini, wanazaliana, na baada ya takriban saa 48 wanaipasua chembe hiyo ili wavamie nyingine. Mzunguko unaendelea hivyo, tena na tena.

Mdudu huyu amechagua maficho kwa akili. Seli nyingi za mwili zikivamiwa zinaweza kuonyesha vipande vya mvamizi kwenye ngozi yao ya nje, kama kuomba msaada, na seli za kinga ya kujifunza zinaviona na kuja kuua. Chembe nyekundu iliyokomaa haina kiini wala vifaa vya kuonyesha vipande hivyo kwa njia hiyo ya kawaida. Mvamizi akiwa ndani, walinzi wanaweza kupita nje wasimwone. Kwa hiyo tukio kubwa ambalo kinga ya kuzaliwa nayo inalisikia vizuri ni pale chembe inapopasuka.

Udanganyifu wa kwanza: kwamba adui ndiye anayeleta homa

Ukiuliza watu kumi malaria inaletaje homa, wengi watakwambia wadudu wana sumu, au wadudu wanachemsha damu. Kwa picha ya vita, jibu hilo ni la lazima: adui ndiye anayeharibu, askari ndiye anayeokoa. Kwa hiyo maumivu yote ni ya adui.

Mwaka 1886 Mtaliano Camillo Golgi alionyesha kitu kilichobadilisha mawazo hayo. Alipofuatilia damu ya wagonjwa kwa hadubini, aliona kwamba vipindi vya homa na kutetemeka vinaendana na wakati chembe nyekundu zinapopasuka na kumwaga vimelea. Mdudu anapokula na kukua kimya ndani ya chembe, mgonjwa anaweza kuwa na nafuu. Chembe zikipasuka kwa pamoja, homa inapanda.

Kinachomwagika siku hiyo ni zaidi ya wadudu wapya. Kuna kitu kama nanga ya sukari na mafuta ambayo kimelea hutumia kushikiza protini zake kwenye utando wake. Kuna vipande vya DNA ya kimelea. Na kuna hemozoini. Hii ya mwisho inastahili maelezo. Mdudu akila himoglobini anabaki na himu, kiini chenye madini ya chuma, ambacho ni sumu hata kwake mwenyewe. Kwa kuwa hana choo, anaigandisha himu hiyo kuwa fuwele nyeusi. Hiyo ndiyo rangi nyeusi ambayo madaktari wa karne ya 19 waliiona kwenye bandama za watu waliokufa kwa malaria, kabla hata Alphonse Laveran hajamwona mdudu mwenyewe mwaka 1880.

Makrofaji na wenzake wana vipokezi vinavyotambua vitu vya aina hii. Wanasayansi wamebishana sana kuhusu hemozoini. Mwaka 2005 kundi moja lilitangaza kwamba fuwele yenyewe inaamsha kipokezi cha Toll namba 9. Mwaka 2007 kundi lingine likajibu kwamba kinachoamsha ni DNA ya kimelea iliyoshikamana na fuwele, na fuwele ni mbebaji tu wa kuiingiza ndani ya seli. Mabishano ya namna hii ni sehemu ya kazi, wala yasikutie wasiwasi. Pande zote mbili zinakubaliana kwamba seli za kinga zinanusa takataka za mdudu, na zinapiga kelele.

Kelele hizo ni protini za mawasiliano ziitwazo sitokini. Moja maarufu ni TNF. Sitokini zikifika kwenye ubongo, kidhibiti joto kinapandishwa, misuli inatetemeka ili kutengeneza joto, nawe unajifunika blanketi saa saba mchana Dar es Salaam. Kichwa kinagonga, viungo vinauma, chakula hakipiti.

Kwa kifupi, homa ya malaria ni kazi ya mwili wako. Mdudu ameichokoza, ila anayewasha moto ni wewe. Na moto huo una faida: maabara zimeonyesha kwamba joto la homa kali linawadhuru vimelea walio katika hatua za mwisho za kukua. Picha ya askari haina nafasi ya kusema jambo hili, kwamba kinachokulaza kitandani na kinachokusaidia vinaweza kuwa kitu kilekile.

Udanganyifu wa pili: kwamba ushindi ni hesabu

Tuna msemo wetu uliotoka maabara ukaingia mtaani: "Nimepima, nina malaria mbili." Mwingine anasema nne, mwingine kumi, na anayesema kumi anahurumiwa zaidi. Msemo huu ni mtoto halali wa picha ya vita. Ukihesabu adui na ukihesabu askari, basi unajua nani anashinda.

Wingi wa wadudu una maana, tusipotoshe. Ukiwa mkubwa sana ni moja ya dalili za hatari, na kundi la wagonjwa wa malaria kali huwa na wadudu wengi kuliko kundi la wagonjwa wa kawaida. Ila hesabu peke yake haitoshi. Huko Muheza, Tanga, watafiti waliwafuatilia watoto 882 tangu kuzaliwa na kuchapisha matokeo mwaka 2014. Watoto 102 kati yao walipata malaria kali. Lakini wengi wa hao 102 walikuwa pia na nyakati nyingine, kabla au baadaye, ambapo damu yao ilikuwa na wadudu wengi sana na wasizidiwe. Ni mtoto yuleyule, akiwa na mzigo mkubwa wa wadudu kila mara, na bado matokeo yalitofautiana.

Sababu moja ni mdudu mwenyewe. Plasmodium falciparum anabandika protini juu ya chembe nyekundu aliyoivamia, nayo inanata kwenye kuta za mishipa midogo. Anafanya hivyo ili asipite kwenye bandama, ambako chembe ngumu na zilizoharibika huchujwa na kumezwa na makrofaji. Chembe zikinata kwa wingi kwenye ubongo, damu inakwama. Hapo ndipo watu wanaposema malaria "imepanda kichwani". Na wadudu walionata hawapo kwenye tone la damu ulilotoboa kidoleni, kwa hiyo hesabu ya kidole haiwaoni.

Sababu nyingine ni mwitikio wa mwili. Mwishoni mwa miaka ya 1980, utafiti wa Malawi na Gambia uligundua kwamba watoto waliozidiwa na kufa walikuwa na TNF nyingi zaidi kwenye damu. Soma tena: waliokuwa na kelele kubwa zaidi ya kinga ndio waliokuwa kwenye hatari kubwa zaidi. Kwa picha ya askari, hili halieleweki kabisa.

Hapa kuna kishawishi cha kuipindua picha tu: kama askari ndio wanaoua, basi tuwanyang'anye silaha. Watu wenye akili sana walijaribu. Mwaka 1982 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Thailand ambapo wagonjwa 100 wa malaria ya ubongo walipewa ama deksamethasoni, dawa inayotuliza uvimbe na kinga, ama dawa ya mfano isiyo na kazi. Deksamethasoni haikupunguza vifo, na waliopona kati ya walioipata walikaa kwenye koma muda mrefu zaidi. Mwaka 1996 yakaja ya Gambia: watoto 610 wenye malaria ya ubongo, nusu wakipewa kingamwili ya kuzuia TNF. Homa ilishuka mapema. Vifo havikupungua, na waliobaki na ulemavu wa mfumo wa fahamu walikuwa wengi zaidi upande wa waliopewa dawa hiyo.

Majaribio hayo mawili yangestahili kufundishwa kila darasa la kinga. TNF nyingi ilikuwa alama ya hatari, lakini kuizima hakukuondoa hatari. Mtoto anayefika hospitali akiwa kwenye koma, mishipa yake imeshakwama na ubongo unaweza kuwa umeanza kuvimba. Watafiti wa Blantyre walionyesha kwa picha za MRI mwaka 2015 kwamba watoto waliokufa kwa malaria ya ubongo wengi wao walikuwa na ubongo uliovimba sana. Sitokini moja ni sehemu ndogo ya mkasa ambao umeshaanza siku kadhaa nyuma. Picha ya vita inakosea, na picha ya vita iliyopinduliwa inakosea vilevile.

Udanganyifu wa tatu: kwamba kuzoea malaria ni kuwa na jeshi kubwa

Huu ndio udanganyifu unaotugusa zaidi sisi tuliokulia kwenye malaria. Mtu mzima wa Muheza au Tororo anaweza kuwa na wadudu kwenye damu na akaenda shamba kama kawaida. Fanya hesabu ndogo. Akiwa na wadudu 200 kwa kila mikrolita ya damu, na mwili wake una lita tano hivi za damu, basi amebeba wadudu bilioni moja. Bilioni moja, na hana homa. Mtalii kutoka Uingereza akiwa na idadi hiyohiyo yuko kitandani anaita daktari.

Maelezo ya askari ni kwamba mtu huyu ana jeshi kubwa na kali. Kwa upande wa kinga ya kujifunza kuna ukweli. Mwaka 1961 huko Gambia, watafiti walichukua kingamwili kutoka kwa watu wazima wa eneo la malaria, wakawapa watoto wagonjwa, na wadudu wakashuka. Kwa hiyo kingamwili zina kazi, na zinaongezeka kadiri mtu anavyoambukizwa.

Lakini angalia kilichoonekana kwenye tawi lile lingine. Huko Tororo, Uganda, watafiti waliwafuatilia watoto wanaoishi kwenye malaria nyingi na kuchapisha mwaka 2014. Walichunguza aina ya seli iitwayo gamma-delta, ambayo inaitikia malaria haraka sana hata kwa mtu ambaye hajawahi kuugua, kwa kumwaga sitokini. Watoto walioambukizwa mara nyingi walikuwa na seli hizo chache zaidi, na zilizobaki zilipiga kelele kidogo zaidi. Na watoto hao hao, wakiambukizwa tena, ndio waliokuwa na uwezekano mkubwa wa kutokuwa na dalili. "Askari" wamepungua na wamepoa, na mtoto haugui.

Mwaka huohuo watafiti waliofanya kazi Mali walilinganisha seli za damu za watoto kabla ya msimu wa malaria na baada ya kuugua. Baada ya kuugua, seli zao zikikutanishwa na vimelea zilitoa sitokini chache za kuwasha moto na nyingi za kuuzima, huku zikionyesha dalili za uwezo mkubwa zaidi wa kumeza vimelea. Yaani zimejifunza kufanya kazi bila kupiga yowe. Na hali hiyo inategemea kuendelea kukutana na mdudu.

Wataalamu wanaita hali hii uvumilivu: mwili unapunguza madhara bila lazima kupunguza wadudu. Siko seli inatoa mfano mwingine. Tunajua tangu kazi ya Anthony Allison ya mwaka 1954 kwamba mtu mwenye kinasaba kimoja cha siko seli anakingwa dhidi ya malaria. Mwaka 2011 watafiti wa Ureno walionyesha kwenye panya kwamba sehemu ya kinga hiyo haitokani na kuua wadudu. Panya wenye kinasaba hicho walizalisha zaidi kimeng'enya kinachovunja himu, ile sumu tuliyoitaja, na hawakupata malaria ya ubongo japo idadi ya wadudu ilikuwa karibu ileile.

Hata hivyo, tusikimbilie kusema seli za gamma-delta ni mbaya. Katika majaribio ya chanjo zinazotumia vimelea hai waliodhoofishwa, wingi wa seli hizo hizo umehusishwa na kukingwa. Seli moja inaweza kufaa sana mdudu akiwa hajafika kwenye damu, na ikawa kero anapokuwa ameshajaa humo. Inategemea wakati, mahali na historia ya mtu. Askari wa kwenye bango hana historia. Kila siku anaamka yuleyule.

Gharama ya picha mbovu

Unaweza kusema: sawa, mfano una kasoro, lakini unamdhuru nani? Tuangalie sehemu nne.

Sehemu ya kwanza ni soko. Ukiamini kwamba afya ni idadi ya askari, utanunua chochote kinachodai "kuongeza kinga". Chupa za rangi zote ziko stendi, kwenye magulio na kwenye simu yako. Ukitajiwa bidhaa ya namna hiyo kwa ajili ya malaria, muulize muuzaji: inaongeza kinga ipi? Inayowasha moto au inayouzima? Lini, kabla ya mdudu kufika kwenye ini au mtoto akiwa tayari ana degedege? Kama hana jibu, kilichomo kwenye chupa hakijulikani kinafanya nini dhidi ya malaria. Kinachojulikana kuua wadudu ni dawa mseto iliyoandikwa baada ya kipimo, na kwa malaria kali ni sindano ya atesuneti hospitalini.

Sehemu ya pili ni degedege lenyewe. Utafiti wa miaka mingi kwenye pwani ya Tanzania umekuta familia zinazoitenga degedege na malaria: malaria ni homa ya hospitali, degedege ni jambo jingine lenye tiba nyingine. Picha ya vita haisaidii hapa, maana haionyeshi namna mdudu wa kwenye damu anavyoweza kufanya mwili wa mtoto ukakakamaa na macho yakageuka. Ukieleza kelele za kinga, homa ya ghafla na mishipa ya ubongo iliyokwama, unganiko linaonekana. Mtoto mwenye homa anayepata degedege anatakiwa kituo cha afya saa hiyohiyo.

Sehemu ya tatu ni mtu asiye na homa. Kampeni zetu zimetufundisha vizuri kwamba homa inapimwa. Lakini tumeona kuwa homa ni sauti ya kinga, na kinga iliyozoea inaweza kukaa kimya huku wadudu wapo. Mtu huyo akiumwa na mbu anaweza kuupeleka ugonjwa kwa mtoto wa jirani ambaye kinga yake bado inapiga yowe. Utafiti wa Papua, Indonesia, uliochapishwa mwaka 2021, ulikuta wadudu wengi hai wamejificha kwenye bandama za watu wasio na dalili zozote. Kwa hiyo "sina homa, chandarua cha nini?" ni swali lililojengwa juu ya picha isiyo sahihi. Chandarua chako kinamlinda na jirani.

Sehemu ya nne ni msafiri. Mwenzetu aliyekulia Tanga, akaishi London miaka kumi, akarudi likizo bila dawa ya kujikinga kwa sababu "mimi wa huku, malaria naijua". Angekuwa na jeshi la kudumu, angekuwa sahihi. Lakini utulivu ule wa kinga unategemea kuendelea kukutana na mdudu, na akiondoka unafifia. Nchini Uingereza, sehemu kubwa ya wanaopatikana na malaria ni watu wenye asili ya Afrika waliorudi kutembelea ndugu. Vivyo hivyo aliyekulia kwenye baridi ya Makete, akahamia bondeni kutafuta kazi: hana uzoefu huo, hata kama ni Mtanzania kama wengine.

Tuweke picha gani badala yake?

Kukosoa bila kutoa mbadala ni nusu ya kazi. Sisi tunapendekeza picha ya mtaa na kelele za "mwizi!".

Usiku mtu anapiga kelele. Mtaa mzima unaamka, watu wanatoka na fimbo, mawe na tochi. Wakati mwingine mwizi anakamatwa kweli. Wakati mwingine anakimbia, na asubuhi kuna ua lililovunjwa, dirisha limepasuka na mpita njia asiye na hatia amejeruhiwa. Mtaa mgeni kwa wizi unatoka wote kwa kila kelele. Mtaa uliozoea una wazee wanaojua kelele ipi ni ya kutoka na ipi ni ya kumwachia mlinzi mmoja mwenye tochi. Mwizi anaweza hata kuwa bado amejificha bandani, ila mtaa umelala na nyumba zimesimama. Na wazee hao wakihama, vijana wanaobaki wanaanza upya.

Picha hii inabeba mambo matatu ambayo askari hayabebi: kwamba uharibifu unaweza kutoka kwa wanaojilinda, kwamba kelele si kipimo cha usalama, na kwamba uzoefu unapatikana na kupotea. Ina mapungufu pia. Mwizi wa kwenye mfano habadilishi sura, wakati mdudu wa malaria ana vinasaba takriban 60 vya ile protini ya kunata, na anabadilisha nguo kila anapokaribia kutambuliwa. Na hakuna mtaa wenye wezi bilioni moja. Kama una picha bora zaidi, itumie, mradi ijibu yale maswali matatu tuliyoanza nayo.

Kwa mwalimu unayesoma hapa: huna haja ya kumfukuza askari darasani. Mwache aeleze UKIMWI, ambako anaijua kazi yake. Mkifika kwenye malaria, waulize wanafunzi kwanza homa inatoka wapi, kisha wape hesabu ya mtu mwenye wadudu bilioni moja anayelima shamba. Waache wabishane wenyewe na bango la ukutani.

Na kwako mzazi: kipimo kwanza, dawa kamili baada ya kipimo, chandarua kila usiku hata kwa aliye mzima, na mtoto mwenye homa asisubiri kesho. Kinga yake bado haijajifunza kutulia, na hatuna chupa ya kuifundisha.